Siku tisa kuzunguka kisiwa kimoja

Mwezi uliopita, katika kumjibu msomaji aliyeuliza habari za treni za Uskoti, nilidokeza kwamba katikati ya Juni mimi na marafiki wanne tulikodi boti ya tanga pale Oban, pwani ya magharibi, tukakizunguka kisiwa cha Mull kwa siku tisa. Mistari minne tu. Barua zilizoingia zimezidi zile za viza, na viza ndiyo riziki ya kila siku ya safu hii. Basi leo yote ni ya bahari. Wa treni nisubirini.

Dada, nimetazama ramani. Mull ni kisiwa kidogo, kama nusu ya Unguja tu. Nyinyi mmekizunguka kwa siku tisa! Kwani boti ilikuwa mbovu? Na muda wote huo mlikuwa mkifanya nini?
R.S., Dar es Salaam

Boti ilikuwa nzima, kaka, ukitoa choo, na habari za choo zinakuja. Tulichokifanya siku tisa ni kungoja. Tulingoja maji yageuke, tulingoja mvua ipite, tulingoja mwenzetu amalize kumpiga picha sili aliyelala juu ya jiwe. Ukijumlisha saa ambazo tanga lilikuwa juu na sisi tunakwenda, hazifiki nne kwa siku.

Tulikuwa watano. Nahodha ni jirani yangu wa Glasgow, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alikuja na mumewe, ambaye maisha yake yote alikuwa akigawa barua za posta. Alikuwapo shoga yangu wa Mombasa, tunayefanya naye kazi zamu za usiku. Na alikuwapo ndugu yetu wa Bukavu, dereva wa basi, aliyekulia ukingoni mwa Ziwa Kivu na ambaye mpaka wiki ile hakuwa ameonja maji ya chumvi. Siku ya pili, tumekaa kwenye hori la Loch Aline tangu alfajiri na nanga haijang'olewa, alimgeukia nahodha akamwuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mama, tuko tunaenda ao tuko tunangoja?" Nikatafsiri. Nahodha akatazama saa, akatazama mwani uliolala mwambani, akajibu, "Ndiyo."

Basi hiyo ndiyo safari yenyewe. Oban mpaka Tobermory, mji mkubwa wa Mull, ni maili za baharini kama 25. Boti ya mita 11, ikipata upepo wa kadiri, hukata maili tano kwa saa. Ukitaka unatoka baada ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana unakila Tobermory. Lakini mkondo wa ule mlango wa bahari kati ya Mull na bara hugeuka kila baada ya saa sita hivi, na nahodha wetu si mtu wa kushindana na maji. Yakija kinyume anatafuta hori, anatia nanga, anabandika birika.

Pale unapoingilia mlango huo, karibu na ngome ya Duart ya ukoo wa Maclean, lipo jiwe liitwalo Lady's Rock. Maji yakijaa halionekani. Wanasimulia kwamba miaka 500 hivi iliyopita mkuu wa ukoo huo alimchoka mkewe, akampeleka jiweni maji yakiwa yametoka, akamwacha. Kisha akapeleka habari kwa wakwe kwa majonzi makubwa kuwa binti yao amefariki. Kumbe wavuvi walikwisha kumwokoa. Bwana alipokwenda kuhani akamkuta bibi amekaa mezani nyumbani kwa kaka yake. Hadithi hii aliitoa mume wa nahodha tukiwa tunalipita jiwe lenyewe, limebaki juu ya maji kiasi cha mgongo wa ng'ombe, na shoga yangu hakusema na mwanamume yeyote ndani ya boti mpaka jioni.

Tobermory tulilala siku mbili kwa sababu ya mvua. Nyumba za mbele ya bandari zimepakwa nyekundu, njano na buluu, nadhani ili watu wasije wakasahau rangi wakati wa baridi. Wenyeji watakwambia chini ya matope ya bandari ile kuna merikebu ya Wahispania iliyolipuka mwaka 1588, ilipokuwa ikikimbia baada ya kushindwa kuivamia Uingereza. Watu wamepiga mbizi karne kwa karne kutafuta dhahabu. Hawajapata kitu cha kuwatajirisha, lakini hadithi bado inauza chai.

Raha iko upande wa magharibi. Kisiwa cha Lunga hakikai mtu. Kinakaa puffin, ndege wanene kama njiwa walioshiba, mgongo mweusi, kifua cheupe, na mdomo uliopakwa rangi kama kibao cha duka la soda. Wanachimba mashimo ardhini kama sungura na kutagia humo. Ukikaa kimya wanatua karibu na goti lako, kwa kuwa mtu akiwapo, shakwe wanaowanyang'anya samaki hukaa mbali kidogo. Mmoja alitua hatua mbili kutoka nilipo, samaki wadogo wanane wamepangwa mdomoni kama mishikaki, vichwa vingine kulia na vingine kushoto. Niliwahesabu. Akanitazama kwa jicho la upande kama karani wa benki, akaingia shimoni. Saa moja na nusu tulikaa pale. Kaka R.S., hapo ndipo siku zilipokwenda.

Staffa tulipita tu. Ni kisiwa cha nguzo za mawe meusi, nyingi za pembe sita, zilizotokana na volkano iliyopoa polepole, na kina pango ambalo jina lake la Kigaeli maana yake ni pango lenye sauti tamu. Mtunzi wa muziki wa Kijerumani, Mendelssohn, alifika mwaka 1829 na bahari ilimchafua vibaya. Mimi sikutunga muziki lakini kwenye la pili tulilingana. Nanga haiaminiki pale, kwa hiyo wawili walikwenda pangoni na kiboti cha mpira na watatu tukabaki tukizunguka-zunguka.

Iona tulilala usiku wa sita. Hapo ndipo mtakatifu Columba alipotia mashua yake akitoka Ireland mwaka 563, na abasia, yaani makao ya watawa, ipo hadi leo. Mchanga ni mweupe na maji ni ya kijani kibichi, utaapa uko Paje. Nilivua viatu nikakimbilia. Maji yalikuwa nyuzi 13. Nilitoka mbio kuliko nilivyoingia.

Bibi, sisi ni wanawake wanne, tunavaa hijabu, tunaswali na hatunywi. Tunapenda safari kama yako ila tunaogopa kuwa wageni wa ajabu. Je, tunaweza?
Kundi la Kibokoni, Mombasa

Mnaweza, wanangu, na nafasi ipo. Watu wa visiwani wana adabu ya kutouliza-uliza. Hakuna aliyetushangaa ila mtoto mmoja Tobermory, naye alishangazwa na birika letu.

Buibui liacheni hotelini. Nasema haya kwa kuwa pindo la gauni langu liliingia kwenye roda ya kuvutia kamba siku ya kwanza, nikavutwa kama dagaa. Suruali pana, koti refu la mvua, kilemba kilichofungwa kwa nyuma, na jaketi la kujiokolea juu ya vyote. Upepo hauchezi na mtandio.

Juni jua huzama baada ya saa nne za usiku na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limekwisha kuchomoza, na katikati yake mbingu haziwi nyeusi kamili, zinabaki rangi ya samli upande wa kaskazini. Ukiingoja isha kwa macho utakesha. Tulichapisha ratiba ya msikiti wa Glasgow kabla ya kuondoka, na kwa kuwa sisi Mashafii safari inaturuhusu kukusanya na kupunguza, tuliswali magharibi na isha pamoja tukalala. Wenye madhehebu mengine waulizeni mashekhe wenu mapema, si mkiwa baharini hamna mtandao.

Shida ilikuwa kibla. Dira ipo, kubwa, mbele ya usukani, na kibla kutoka huko ni kusini-mashariki. Lakini chombo kikiwa nangani hakitulii: upepo unakisukuma hivi, maji yanakivuta vile, na omo, yaani mbele ya chombo, inazunguka polepole kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku moja nilifunga swala nimeelekea Makka, nikatoa salamu nimeelekea Ireland. Mume wa nahodha aliona, na tangu siku hiyo kila tulipotandika msala alikuwa akitupa nanga ya pili nyuma, bila kuambiwa, kisha anakwenda kukaa mbele kwenye omo akatazama pengine. Udhu tulichukua kwa maji ya bahari kwenye ndoo. Ni tohara, na yanaamsha.

Nyama chukueni Glasgow, ya halali, igandisheni, kwa kuwa maduka ya visiwani ni madogo. Zaidi ya hapo mtakula samaki mpaka mkome. Kwenye baa za bandarini hakuna anayelazimishwa pombe. Sisi tuliagiza chai na supu ya Cullen skink, ambayo ni samaki wa kukaushwa kwa moshi, viazi, kitunguu na maziwa. Shoga yangu alidai inakosa pilipili na ndimu. Aliongeza vyote viwili kutoka mkobani. Na mkija kwenda mbali zaidi, Stornoway katika kisiwa cha Lewis, kuna msikiti tangu mwaka 2018.

Mimi ni nahodha wa zamani, miaka 67, nimeendesha majahazi kati ya Pangani, Pemba na Mombasa. Wajukuu zangu wako Uingereza na wanataka nije niwaendeshe. Je, bahari ya huko nitaiweza?
M.A., Pangani

Shikamoo, nahodha. Mkono wako utaiweza. Karatasi ndizo zitakazokuchosha. Viza utahitaji, hilo moja. La pili, sheria ya Uingereza haimdai leseni mtu anayeendesha boti ndogo ya starehe, lakini wanaokodisha wanataka ushahidi kwamba unajua, na wengi hutaja cheti cha Day Skipper cha chama cha Royal Yachting Association. Ukikosa, kodini boti pamoja na nahodha wake, nawe ukae ubavuni mwake. Baada ya saa moja atakupa usukani, nina hakika.

Maji utayatambua. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku kama ya kwetu. Bamvua la Oban hupanda mita tatu na kitu, na unajua la Unguja hufika nne. Mwezi mpya na mwezi mpevu bamvua, katikati yake maji mafu, hakuna geni. Nilipomwambia nahodha wetu kwamba Kiswahili kina neno moja kwa kila moja ya hayo, aliyaandika kwenye daftari la safari, na siku ya tano nikakuta ameandika kwa kalamu ya risasi, "Bamvua, saa 1.40."

Ila chombo chenyewe ni mtu mwingine. Chini pana mkuku mrefu kama upanga, unashuka karibu mita mbili. Jahazi likipwelewa mchangani linakaa kwa adabu, unalipiga deheni huku ukingoja maji. Hii ikipwelewa inalala ubavu na vikombe vyote vinatoka kabatini. Kwa hiyo utaishi na kipima kina mbele ya macho. Kwa upande mwingine, kupiga bisho, kwenda kinyume na upepo, utafurahi: tanga halihamishwi foromali, ule mti wa juu, kama letu la pembetatu, unaachia demani, kamba ya tanga, ya upande mmoja na kuvuta ya upande wa pili, basi, imegeuka.

Upepo wa huko hauna kusi wala kaskazi. Mara nyingi hutoka kusini-magharibi, lakini siku moja tuliuona wa kila upande kabla ya adhuhuri. Huko mtu hasafiri kwa mazoea. Anasafiri kwa redio. Utabiri wa bahari husomwa BBC Radio 4 eneo kwa eneo, na maeneo yako yataitwa Malin na Hebrides. Walinzi wa pwani nao hutangaza kwa redio ya chombo, na chaneli ya 16 haizimwi.

Ramani utaisoma kwa raha kuliko mimi. Majina ni ya Kigaeli na kila jina lina kazi: sgeir ni mwamba unaoonekana, bogha ni mwamba uliojificha ambao wimbi huvunjika juu yake, caol ni njia nyembamba. Kusini kidogo, karibu na Crinan, upo mkondo mkali unaoitwa Dorus Mòr, maana yake Mlango Mkuu. Nilicheka peke yangu. Kumbe nao bahari yao ina milango.

Mahali pamoja usiende, nahodha, hata wajukuu wakikulilia. Kati ya visiwa vya Jura na Scarba pana Corryvreckan. Chini ya maji imesimama nguzo ya mwamba ambayo kilele chake kinafika mita 29 kutoka juu, na mkondo wa bamvua, unaopita mwendo wa maili nane kwa saa, unapigana nayo na kufanya kizingia kikubwa. Mwaka 1947 mwandishi George Orwell, aliyekuwa akiishi Jura, aliingia pale na kiboti, na mtoto wake mdogo akiwamo. Alikuwa amekosea kusoma majedwali ya maji. Mashine iling'oka ikazama, wakaponea juu ya kijiwe mpaka wavuvi wakawaona. Sisi tuliliangalia kwa mbali tukivuka kurudi upande wa bara. Kwa mbali lilikuwa mstari mweupe tu. Ndugu yetu wa Bukavu alisema hata mstari mweupe unatosha.

Nimesikia wanaume wa Uskoti huvaa sketi. Uliwaona? Au ni mambo ya kadi za posta?
S.H., Muscat

Niliwaona wawili, wote wakienda harusini. Lakini swali lako linanipa nafasi ya kuitaja nanga ya mwisho, Puilladobhrain, maana yake kidimbwi cha fisimaji. Unatia nanga, unavuka kilima kidogo kwa miguu kwenye nyasi za maji, unatokea kwenye daraja la mawe la miaka ya 1790 lililopinda kama mgongo wa paka, na chini yake unapita mkono mwembamba wa Atlantiki. Kando ya daraja, upande ule ule wa kisiwa cha Seil, kuna baa inaitwa Tigh an Truish, yaani Nyumba ya Suruali. Baada ya uasi wa watu wa milimani kuvunjwa, sheria ya mwaka 1746 iliwapiga marufuku wanaume vazi hilo la shuka la mistari, na haikufutwa mpaka 1782. Husimuliwa kwamba watu wa kisiwani waliokuwa wakielekea bara walisimama pale, wakavua zao na kuvaa suruali za kuonyeshea serikali, na wakirudi wakabadilisha tena.

Watu wa Muscat na wa Unguja, wenye kanzu na vikoi, mnacheka nini sasa?

Tuko sita, tulisoma chuo pamoja, tunaishi miji tofauti. Tunataka kufanya kama nyinyi lakini tunaogopa kugombana. Na gharama mnagawanaje?
Z., Toronto

Mtagombana. Mita 11, kitanda cha pembetatu puani mwa boti ambamo vichwa viwili vinalala mbalimbali na miguu minne inakutana, ndoo moja, choo kimoja. Pangeni mapema mtakachogombania.

Fedha ndizo rahisi. Kodi ya boti tuligawa sawa na kulipa miezi mitano kabla. Amana ya uharibifu tuliichanga pia, asibebe mmoja. Chakula na ada za bandari zilitoka kwenye kopo la biskuti: kila mtu alitia kiasi kile kile siku ya kwanza, likiisha kila mtu anaongeza, hakuna aliyeandika nani kala nini. Nendeni Mei au Juni. Shule za Uskoti hufungwa mwishoni mwa Juni, na Julai na Agosti bei hupanda. Kutia nanga horini ni bure, na sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inamruhusu mtu kutembea karibu popote kwa ustaarabu, kwa hiyo ukishuka ufukoni hakuna wa kukufukuza.

Sasa choo. Ni kibakuli kidogo chenye mpini wa kusukuma kwa mkono. Unafungua koki, unasukuma mara ishirini, unageuza kitasa, unasukuma tena mara ishirini, unafunga koki. Usipoifunga, bahari inakuja kukutembelea. Nahodha alibandika karatasi ukutani: kisiingie chochote ambacho hakikupita tumboni kwanza. Siku ya nne mpini ukakaza. Mume wa nahodha alivua shati, akafungua mabomba yote, akachokonoa kwa mpini wa kijiko muda wa saa mbili, huku boti ikiyumba na yeye akiimba kwa sauti ya chini nyimbo ambazo sikutaka kutafsiriwa. Akatoa kitambaa laini chenye maji, kile cha kupangusia uso. Kimya kikatanda. Watu watano, na mmoja tu ndiye aliyekuja na pakiti za vitambaa hivyo.

Nilikuwa mimi. Niliosha vyombo mpaka Oban.

Ugomvi wa pili ulikuwa maji. Tangi letu lilikuwa la lita 300, na ndugu yetu wa Bukavu alioga kama anayejiandaa kwenda kuposa. Tulipofika Iona bomba lilikohoa likakauka. Hakuna aliyemsema. Asubuhi tulimkuta peke yake kwenye kiboti cha mpira, anapiga makasia na madumu mawili ya lita ishirini, anakwenda ufukoni na kurudi, kwenda na kurudi, safari sita. Kati ya safari ya nne na ya tano mkondo ulimpeleka pembeni kabisa ya alikokusudia, na abiria wa kivuko wakampigia makofi. Alirudi amelowa, akasema kuendesha basi kuna afadhali, barabara haitembei.

Mtu mmoja tu msimchukue: mwenye miadi Jumatatu asubuhi. Huyo ataitazama saa badala ya maji, na atawafanya mtoke siku ambayo hamkupaswa kutoka.

Kuna mbu?
J.M., Musoma

Hakuna wa kukushtua. Kuna usubi. Nyinyi wa Ziwa Victoria mnawajua wadudu wanaopanda ziwani kama moshi, lakini wale hawaumi. Hawa wanauma, wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, na hawaji mmoja mmoja. Wanapenda jioni iliyotulia, yenye unyevu, karibu na nchi kavu. Upepo ukivuma kidogo tu hawarukii. Ndiyo maana mabaharia wa huko hutia nanga mbali na ufuko, na ndiyo maana Loch Aline, ambako hakukuwa na hata pumzi ya upepo, tulikula wali tumevaa vyandarua vya kichwani, tukipitisha kijiko kwa chini.

Mama, mlipikaje? Mnaweza kupika mchuzi kwenye kitu kinachoyumba?
Mama T., Tanga

Jiko lina mafiga mawili ya gesi na limening'inizwa kwa pini mbili ubavuni, kwa hiyo boti ikilala, jiko linabaki limesimama wima. Mara ya kwanza unadhani ndilo linaloanguka, unalishika, unamwaga kila kitu. Usilishike. Simama miguu mipana, ule mkanda wa mpishi ukufunge kiunoni, na mikono yako iwe ya sufuria tu.

Samaki walikuwa makrili, wa ukoo wa vibua wetu, ila wana michirizi mgongoni kama maandishi. Mume wa nahodha aliwavua na mshipi wenye manyoya badala ya chambo, watano kwa dakika kumi, tukiwa tunakokota mwendo wa polepole nje ya Tinker's Hole, hori la mawe mekundu kusini mwa Mull ambako tulilala usiku wa saba. Wapasue saa ile ile, makrili hawangoji. Chumvi, ndimu, pilipili. Wachome kidogo kwenye kikaango mpaka ngozi ikaze, watoe. Kitunguu, thomu, tangawizi nyingi kwa ajili ya wanaochafukwa na bahari, bizari, nyanya mbili. Kisha tui la kopo. Tulibeba makopo sita kutoka Glasgow na nahodha alidhani ni rangi ya boti. Likianza kuchemka rudisha samaki, funika, hesabu dakika tano, zima.

Wali pikia maji ya bahari kikombe kimoja na ya tangi vikombe vitatu, na usitie chumvi nyingine. Ukikosea kipimo, kama shoga yangu alivyokosea, wape sili.